Chumvi kwenye Gari la Mwalimu Ndahani

Mtu mmoja alikuwa na gari, na alikuwa na mdogo wake. Gari alilipata uzeeni, kwa jasho la miaka mingi. Mdogo wake alipewa bure, tangu utotoni, na huenda ndiyo maana hakuwahi kumhesabu miongoni mwa vitu alivyojaliwa.

Mtu huyo aliitwa Ndahani. Alikuwa mwalimu mkuu katika kijiji kimoja cha Ugogo, nchi ya mizabibu na vumbi. Kwa miaka thelathini alikwenda shuleni kwa baiskeli. Mwaka aliostaafu akanunua gari dogo la rangi ya samawati iliyoiva, na kilichomvutia zaidi katika gari lile ni mapambo yake: duara zilizozunguka taa za mbele, na mstari mwembamba uliopita chini ya madirisha, vyote vikimeremeta kama fedha. Asubuhi alitoka na kikombe chake cha chai, akasimama mbele ya mapambo yale, akaona uso wake ndani yake. Alidhani ni chuma. Kumbe ilikuwa plastiki tu, iliyovikwa ngozi ya nikeli nyembamba kama ganda la ndani la kitunguu.

Mdogo wake aliitwa Mchiwa. Huyu alikuwa mkulima wa zabibu, mtu wa maneno machache na viganja vilivyopasuka. Nyumba zao zilikuwa katika ua mmoja, na mama yao mzee aliishi kwa Mchiwa, kwa kuwa mke wa Mchiwa alijua uji anaoupenda. Mchiwa alijifunza udereva kwenye trekta la chama cha wakulima, naye aliendesha vizuri, kwa adabu, kama mtu aliyebeba mayai.

Ikawa Ndahani aliteleza bafuni akavunjika nyonga. Wakampeleka mjini kwa binti yake, karibu na hospitali kubwa, na mkewe Tabea akaenda naye kumuuguza. Walikaa huko miezi minne. Siku ya kuondoka, Ndahani akiwa amelazwa kwenye kiti cha nyuma cha gari la jirani, lililokuwa na nafasi kuliko lake, alimpa Mchiwa ufunguo, akamwambia, "Mdogo wangu, nitunzie gari."

Mchiwa akalitunza kwa kadiri alivyojua. Kila Jumamosi aliliwasha, akaliendesha mpaka barabara kuu na kurudi, ili betri isife. Kisha aliliosha. Maji ya kijiji kile hutoka kisima kirefu, nayo yana chumvi. Ndiyo yanayofanya birika za wake zetu kuota ukoko mweupe ndani. Hakuna mengine. Mchiwa aliyachota ndoo baada ya ndoo, akitoka shambani saa sita mchana, jua likiwa utosini. Akaliosha gari kwa sabuni, akalisuuza, akaliacha likauke lenyewe, naye akaenda kula. Jua likanywa maji na kuacha chumvi. Jumamosi kumi na sita aliliosha hivyo, na Jumamosi kumi na sita jua lilifanya kazi yake. Mtu anayependa hutumia maji aliyo nayo.

Ndahani aliporudi, akitembelea mkongojo, ua ulijaa watu. Mama yake alikuwa ametandikiwa mkeka, majirani wameleta ugali wa uwele na mlenda, na mchungaji mwenyewe alifika kushukuru. Ndahani aliwasalimu wote. Halafu akaenda kwenye gari. Alilizunguka polepole, mkongojo ukitoboa mchanga. Hakuona kwamba matairi yalikuwa na upepo. Hakujaribu injini, ambayo ingeitika mara moja, hata baada ya miezi minne. Aliona duara zilizozunguka taa zimejaa madoa meupe, kama magamba ya samaki aliyekauka, na alipoinama kutazama uso wake, hakuuona.

Akageuka mbele ya watu wote, akasema, "Mchiwa, mikono ya jembe haifai kushika kitu kizuri. Usiliguse tena gari langu."

Watu wakatazama sahani zao. Mchiwa alikuwa bado ameshika bakuli la maji ya kunawia wageni. Akaliweka chini, akatoa ufunguo mfukoni, akaupangusa kwenye shati lake na kumpa kaka yake kwa mikono miwili.

"Nimesikia, kaka," akasema.

Kesho yake Ndahani akaanza kuyatoa madoa. Palikuwa na mama mmoja, Mama Sechelela, aliyekuwa na banda la kuoshea magari kule barabara kuu, na Ndahani akamwendea kuuliza. Yule mama alifika, akapitisha kidole kwenye doa, akacheka kidogo. "Mwalimu, hii ni chumvi tu. Chumvi hailazimishwi, hubembelezwa. Changanya siki na maji safi, loweka kitambaa laini, ukilaze juu ya doa, usubiri. Pangusa taratibu. Likikataa, rudia kesho. Ukishamaliza, suuza ukaushe palepale, jua lisikuwahi. Ila nakuomba, usikwangue. Hapa juu hakuna chuma."

Ndahani akalaza kitambaa. Akasubiri muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai. Alipokiondoa, doa lilikuwa limefifia, lakini lilikuwapo. Akarudia mara moja zaidi. Siku hiyo ilikuwa Ijumaa, naye alitaka kwenda kanisani Jumapili na gari linalometameta, watu waone kwamba Mwalimu amerudi. Akaingia jikoni, akachukua stiliwaya ya Tabea ya kusugulia masufuria.

Alisugua upande wa kulia kwanza. Doa likaondoka mara moja, naye moyo wake ukafurahi. Akasugua jingine, na jingine, kwa nguvu ya mtu aliyelala kitandani miezi minne bila kazi. Pakiwa na maji, palionekana safi. Akazunguka upande wa kushoto, akamaliza, akafuata mstari wa madirisha mpaka nyuma. Kisha akakaa kwenye kigoda, akangoja pakauke.

Palipokauka, hapakuwa na madoa. Hapakuwa na mng'ao pia. Palikuwa na mikwaruzo elfu, na katikati ya mikwaruzo, pale alipokaza mkono zaidi, plastiki ilichungulia, ya kijivu, kama goti la mtoto aliyeanguka. Akaweka siki. Akaweka mafuta ya kupikia. Akapangusa kwa kanga mpya ya mkewe. Kitu kilichoondoka hakikurudi. Ndahani aliitazama stiliwaya mkononi mwake, ikiwa imejaa unga wa kumeremeta, na akajua kwamba chumvi ile ingeondoka kwa wiki moja ya subira.

Hapo bado palikuwa na njia ya kurudi. Lakini Jumapili, mtu alipomuuliza mlangoni mwa kanisa, "Mwalimu, gari limepatwa na nini?" alijibu kabla hajafikiri: "Ni Mchiwa. Si nilimwachia?" Ilikuwa sentensi fupi. Ikatoka kanisani, ikapita kisimani, ikafika kwenye mizabibu kabla ya jua kuzama. Mchiwa alipoisikia aliendelea kupogoa. Mkewe alimwambia aende akajitetee. Akasema, "Kaka ameshasema. Nikimpinga, mama ataumia." Ndahani alimngoja siku tatu, akiwa ametayarisha majibu. Mchiwa hakuja, na Ndahani akaona nafuu, akadhani jambo limekwisha.

Tangu hapo Ndahani aliacha kwenda na gari mahali penye watu, kwa aibu ya mapambo yale. Likakaa uani, limefunikwa turubai. Ndugu wale waliendelea kusalimiana. Chakula kilivuka ua kama zamani. Ila Mchiwa, alipopita karibu na turubai lile, alizunguka mbali, kama mtu anavyozunguka kaburi.

Mvua zikaja. Siku moja, saa nne asubuhi, mama yao alikuwa ameketi kizingitini akichambua mlenda. Ungo ukamponyoka. Mkewe Mchiwa akamwita, naye akajibu kwa sauti isiyo na maneno, mdomo umekwenda upande. Mchiwa alitoka shambani mbio, akamwinua, akamlaza kitandani. Hospitali ya karibu iko mwendo wa dakika ishirini kwa gari, na jirani mwenye gari alikuwa safarini. Ndahani hakuwapo, alikuwa amekwenda kwa miguu, na mkongojo wake, kwenye kikao cha wazee wa kanisa, ng'ambo ya korongo, ambalo alfajiri lilikuwa bado halijajaa maji. Simu yake aliizima, kama ilivyo desturi ya kikao.

Tabea alitoka na ufunguo mkononi. "Chukua, shemeji. Mpeleke mama."

Mchiwa aliutazama ufunguo. Mkono wake ulinyanyuka, akauona, ule mkono wenye utomvu wa mizabibu na udongo kwenye kucha. Ukashuka. "Ngoja nimwombe," akasema. Tabea akampigia kelele, akamwambia hakuna wa kuombwa, mama ni wa wote. Lakini neno lililosemwa mbele ya watu lilikuwa limeingia ndani kuliko yeye mwenyewe alivyojua, nalo likamgeuza miguu. Akakimbia. Akavuka korongo, maji yakiwa magotini, akafika kanisani, akakuta wamefumba macho wanaomba. Akasimama mlangoni akitweta, kofia mkononi, akangoja waseme amina.

Wakasema amina. Wakageuka, wakamwona ameloa mpaka kiunoni. Naye akamwambia kaka yake, kwa sauti ya mtu anayeomba kwa mgeni, "Kaka, mama ameanguka. Naomba ruhusa niguse gari lako."

Mkongojo ulimponyoka Ndahani. Miaka mingi amefundisha watoto wa watu kusoma, lakini siku ile ndiyo alisoma alichokiandika mwenyewe. Alijaribu kusema, "Mchiwa, kwa nini hukuchukua tu?" Hakumaliza, kwa sababu alijua kwa nini. Mchiwa akambeba mgongoni kuvuka korongo, kwa kuwa nyonga isingeweza kushindana na maji, na njia nzima Ndahani aliona shingo ya mdogo wake, ina mvi, naye hakuwa amejua kwamba Mchiwa ameota mvi.

Mchiwa aliendesha, nao wakamfikisha mama hospitalini saa saba kasorobo. Daktari alikuwa kijana mpole. Aliwaambia kwamba damu imeziba njia kichwani, kwamba ugonjwa huu hauna subira, na kwamba wangefika saa mbili mapema huenda mambo yangekuwa mengine. Hakusema hivyo kwa lawama. Mama yao aliishi miezi mitano zaidi. Upande mmoja wa mwili haukuamka tena, wala ulimi. Aliwatazama wanawe wawili, mmoja huku na mmoja huku, macho yake yakienda na kurudi kati yao, na hakuna aliyejua alichotaka kusema. Alizikwa kabla ya zabibu kuiva.

Baada ya matanga, Ndahani alimfuata Mchiwa shambani. Alisimama kati ya mistari ya mizabibu, akasema yote: kwamba chumvi ingetoka, kwamba yeye ndiye aliyesugua, kwamba alimsingizia mlangoni mwa kanisa. Alilia, naye si mtu wa kulia. "Nisamehe, mdogo wangu. Gari ni lako tangu leo."

Mchiwa aliacha kufunga tawi alilokuwa amelishika. "Nilikuona kaka, siku ile unasugua," akasema. "Nilikuwa pale kwenye ukuta wa mabanzi. Nilitaka kukwambia uache. Nikakumbuka ulivyosema." Akamaliza kulifunga lile tawi, akaongeza, "Nimekusamehe. Gari baki nalo."

Naye alimsamehe kweli; msimdhanie vingine. Ndahani alipougua tena, Mchiwa alimletea uji. Alipojenga choo kipya, Mchiwa alichimba shimo. Jumapili moja Ndahani alisimama kanisani, akautengua ule uongo mbele ya watu walewale, na watu wakamsifu kwa ujasiri wake, sifa ambazo zilimuuma kuliko matusi. Kila kilichoweza kutengenezwa kilitengenezwa. Lakini zamani Mchiwa alikuwa akiingia kwa kaka yake kama mtu anavyoingia chumbani mwake: alisukuma mlango, akafunua sufuria, akauliza kuna nini leo. Siku hizi husimama nje, akapiga hodi. Ndahani huitika kutoka ndani, "Ingia, Mchiwa, hapa ni kwako," naye huingia, huvua viatu, hukaa kwenye kiti alichoonyeshwa. Na ikitokea Ndahani hakusikia hodi ya kwanza, hakuna hodi ya pili. Husikia nyayo tu, zinarudi.

Ninyi mnaonisikiliza, nendeni nyumbani mkatazame mlango: je, yuko nani ambaye bado huingia kwako bila hodi, nawe unamtazama mikono?