Mlima Kwenye Fremu

Kikao cha Dharura cha Kamati Ndogo ya Uteuzi wa Fremu, Vioo na Misumari ya Michoro ya Mlima. Ndivyo ilivyoandikwa mlangoni, ndugu zangu, na mwalimu mmoja mstaafu wa somo la kuchora akasimama pale akaisoma mara mbili, maana yeye alikuwa amekuja kwa jambo jingine kabisa.

Mwalimu huyu alikuwa na desturi. Kila mwaka, kabla ya masika, alipanda kilima kilekile, akakaa juu ya jiwe lilelile, akauchora kwa penseli mlima ulio mbele ya kijiji chao. Jicho huzoea, karatasi haizoei. Siku alipoipanga michoro ya miaka yote ukutani kwake, aliona kilichobadilika. Miti ya mteremkoni, iliyokuwa imesimama wima, ilikuwa imeanza kuinamia bonde, na juu yake palikuwa na ufa. Zamani ulikuwa mstari wa kupapasa tu kwa ncha ya penseli. Mwaka huu alilazimika kukandamiza.

Chini ya ufa ule ndipo alipokaa dada yake.

"Hama, dada," alimwambia.

"Nihame niende wapi, mdogo wangu, na migomba yangu hii? Serikali ikisema, nitatoka. Wewe ukisema, hiyo ni penseli inasema."

Basi akaifunga michoro yake kwa khanga kuukuu, akaenda wilayani kuitafuta sauti ya serikali. Mnaijua safari hiyo. Njoo kesho. Njoo Jumatatu. Mhusika yuko semina. Mwishowe akaambiwa aiache michoro mapokezi, ataitwa. Sasa, ukumbi wa wilaya ulikuwa unangoja mgeni rasmi, na ukuta wake ulikuwa mtupu. Siku alipoitwa, alikuta kamati nzima imekaa, soda na karanga mezani.

"Mwalimu!" Mwenyekiti akainuka. "Mkono huu umeuficha wapi miaka yote? Utazameni huu ukungu, wajumbe. Mtu unasikia baridi!"

"Mheshimiwa, hapo chini ya ukungu kuna ufa."

"Na umeuchora vizuri kweli! Sasa hoja iliyo mezani ni fremu. Mninga au paina?"

Mjumbe mmoja akasema mninga unazidi mamlaka ya kamati ndogo. Mwingine akataka aonyeshwe kifungu. Wakabishana mpaka soda zikapata moto.

Mwalimu alikuwa amechoka, ndugu zangu. Miguu ilimuuma. Na tangu azaliwe, hakuna aliyewahi kuusifu mkono wake mbele za watu. Alikuwa na sentensi moja tu ya kusema: watu watakufa. Mnadhani aliisema? Mwenyekiti alimsogezea mchoro. "Weka sahihi hapo pembeni, Mwalimu, wageni wajue ni kazi ya nani." Akatoa penseli mfukoni, akaweka sahihi. Tena kwa mwandiko mzuri.

Aliporudi, dada yake alikuwa mlangoni akimenya ndizi.

"Enhe, serikali imesemaje?"

"Wameipenda," akasema. "Wataitundika ukumbini."

Dada akashusha pumzi, akacheka kwa raha. "Si nilikuambia? Kungekuwa na hatari, wangeipenda?"

Akamkaribisha chakula. Naye akanawa, akala.

Haya, sisi. Msiicheke kamati ile; iko humu ndani, imekaa kwenye mabenchi. Kila Jumapili tunaambiwa tuhame: tuhame kwenye kinyongo, kwenye nyumba ndogo, kwenye bahasha za chini ya meza. Kisha tunapeana mikono pale mlangoni. "Mchungaji, leo neno lilikuwa tamu." Tamu? Nani aliwaambia ni halua? Na mimi ninayesimama hapa natabasamu, nasema asante, naenda kunywa chai. Mmeona? Anayeonywa ametia fremu, na anayeonya ametia sahihi. Nani kati yetu atamwambia mwenzake, "Acha kunisifu, ondoka hapo"?

Leo mkitoka, tafadhali, msinipe mkono. Nendeni mkahame.

Maana yule dada hakuhama. Masika yalipokolea, mlima ulishuka alfajiri, na yeye alikuwa ndani.