Mafuta ya Karai Moja

Hapo zamani, si zamani za mababu bali zile ambazo wenye kuzikumbuka bado wako hai, alikuwako mtoto aliyeitwa Salima. Samaki kwake alikuwa sumu. Akila kipande kidogo tu, koo lilivimba na pumzi ikaziba.

Siku moja baba yake, Shekiondo, akataka kuwapeleka watu wake kwenye mgahawa mpya wa kuku na samaki wa kukaanga. Rukia, mama wa mtoto, alikuwa na zamu kiwandani. Akamwambia Zamda, dada wa mumewe, "Wifi, mwanangu asiguse samaki. Nimekukabidhi."

"Wifi nawe! Kwani mimi mgeni?"

Wakafika, wakaketi. Watu walijaa, na Zamda akaona haya kutangaza ugonjwa wa mtoto; kesho mtaa mzima ungesema ukoo una maradhi. Akamwambia mpishi, Mama Hiba, "Huyu mletee kuku. Samaki ni mwiko kwa kina mama yake."

"Mwiko nauheshimu, dada. Hata kwetu hatuli kondoo."

Basi Mama Hiba akachukua paja la kuku, akalitumbukiza kwenye karai lile lile lililotoka kukaanga samaki aina ya changu. Mwiko, kwa jinsi alivyolelewa, ni wa nyama. Haufiki kwenye mafuta.

Salima akala. Akasema, "Baba, mdomo unawasha."

"Pilipili hiyo. Kunywa maji."

Akasema, "Baba, ulimi umekuwa mkubwa."

"Deko hilo! Mama yako kakuharibu. Kula."

Mara ya tatu hakusema. Midomo ilikuwa imevimba, macho yamemtoka, na kifuani mwake mlitoka mlio mwembamba kama wa filimbi.

"Nani kampa samaki?" Zamda akapiga yowe. Shekiondo akamkumbatia mwanawe, akabaki pale pale. Ule mlio ukafifia. Ukakatika.

Mama Hiba akamnyakua mtoto, akavuka naye barabara hadi zahanati, mikono yake ingali na unga. Shekiondo na Zamda wakamfuata. Wauguzi wakampokea mtoto, wakafunga mlango. Wale watatu wakabaki nje, hakuna aliyethubutu kumtazama mwenzake. Ndani kimya. Kimya kikazidi, hata Shekiondo akaanza kusoma dua za maiti bila kujijua. Ndipo mtoto akakohoa, akalia.

Rukia akaja mbio na sare ya kiwandani. Akaambiwa yote.

Zamda akasema, "Wifi, nilikuwa naficha aibu yako. Mtoto nilimwombea kuku, si samaki."

Mama Hiba akasema, "Mimi niliambiwa mwiko. Ningeambiwa ugonjwa, ningebandika karai jingine. Na mafuta yangu ndiyo yaliyomuumiza, lakini mgongo wangu ndio uliomleta hapa."

Shekiondo akasema, "Sikudanganya mtu, wala sikupika."

"Lakini wewe ndiye uliyeambiwa na mtoto," akajibu Rukia. "Mara mbili."

Shekiondo akainamisha kichwa. "Nilimsikia, mke wangu. Nisamehe."

"Na mimi, wifi."

"Na mimi, mama."

Mikono mitatu ikanyooshwa mbele yake. Rukia akaitazama. "Leo moyoni nina msamaha mmoja tu," akasema. "Mwingine sina."

Haya, nyinyi mliosikia: aliyeficha, aliyekaanga, na aliyesikia akapuuza. Je, ni nani aliyestahili kushikwa mkono?