Kidole cha Mnadi Anselmi

Zamani zile majini walipokuwa bado wakiajiriwa na serikali, nchi ya Wafaransa, ile ya hekaya wala si hii iliyomo kwenye ramani, ilikuwa chini ya Sultani Odiloni katika mji wa Luteti, na kabla yake alitawala baba yake, na kabla ya baba babu, na hakuna aliyethubutu kuuliza kwa nini. Enzi hiyo ililindwa na jini Barkashi, aliyefungwa ndani ya pete ya mnadi wa kasri, na sharti lake lilikuwa hili: kila asubuhi hutoka na kuuliza langoni, "Nani mwenye nchi?" na atakayetajwa na mnadi, huyo ndiye bwana wake.

Mnadi alikuwa Anselmi, kijana mwenye sauti ya kutikisa madirisha, na mwoga kupindukia. Alikuwa amemposa Klotilda, binti wa mwoka mikate.

Ikaingia njaa. Klotilda akawaongoza wanawake wa mji hadi kasrini, na Sultani Odiloni akatoroka kwa mlango wa jikoni, kilemba kichwani na kiatu kimoja mguuni. Jioni hiyo Klotilda akamwambia mchumba wake, "Kesho jini akikuuliza, mwambie mwenye nchi ni mwananchi. Usitetemeke, mpenzi. Nitakuwepo."

Neno hilo lilikuwa geni Luteti, kwani siku zote watu waliitwa watumwa wa Sultani, nao wakiitika.

Kulipokucha uwanja ulijaa, na kando ya Anselmi alisimama Amiri Bertrandi, aliyeleta askari kuwalinda watu, au ndivyo alivyosema. Barkashi akatoka petini, akainama, akasema, "Ewe mnadi wa enzi, mwenye sauti tukufu, nijulishe: nani mwenye nchi?"

"Mwenye nchi ni mwananchi!"

Jini akakuna pembe. Majini hushika neno kama lilivyotamkwa. "Nimesikia na nimetii. Mwananchi yupi?"

Anselmi akautazama uwanja, akamwona Klotilda na unga mikononi, akimkonyeza ajibu. Kisha akautazama upanga wa Amiri, uliokuwa karibu zaidi. Kidole chake cha shahada kikainuka, kikamwelekea Bertrandi.

"Huyu," akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikufika hata ngazi ya pili.

"Sote!" akapiga kelele Klotilda. "Anselmi, sema sote!"

Lakini Bertrandi alikwishakuwa Kaisari, na amri yake ya kwanza ilikuwa mwanamke yule atiwe mnarani. Anselmi akavishwa joho la mahameli lenye nyuki wa dhahabu, alama ya Kaisari, na akalivaa.

Kaisari akapigana vita mpaka akakosa hata wa kumbebea ngoma, akaondoka kwa aibu. Akaja kutawala ndugu wa Sultani Odiloni, mnene, mwenye kinyongo. Anselmi akamtaja huyo naye, akaligeuza joho nje ndani, upande wa bitana akatarizi mayungiyungi, alama ya ukoo wa Odiloni. Watu waliona. Wauza samaki walimwita Bwana Bitana, naye alicheka pamoja nao, kisha akaenda kulia chooni.

Lililomuumiza zaidi lilikuwa dirisha la mnara, kwani kila asubuhi ilitoka humo sauti ya mwanamke ikisema neno moja: "Sote." Akaanza kujitia pamba masikioni, na kwa kuwa hakujisikia tena akinadi, alipayuka kama kichaa na mji mzima ukamcheka. Aliona haya kulala, aliona haya kuamka.

Miaka mingi ikapita, hatimaye watu wakafika tena langoni, na yule ndugu mnene akatoroka kwa mlango uleule wa jikoni. Asubuhi uwanja ukajaa, na kando ya mnadi akasimama mpwa wa Bertrandi, akitabasamu, mkono upangani.

"Nani mwenye nchi?" akauliza Barkashi.

"Mwananchi," akasema Anselmi.

"Yupi?"

Mpwa akajiweka sawa. Anselmi akachomoa pamba masikioni, na neno la mnarani likamfikia, limechakaa kwa uzee.

"Nilikudanganya, Barkashi, na niliwadanganya hawa. Mimi ni mtu duni. Neno lile lina wingi wake, nami niliujua siku ileile. Ni wananchi. Wote, na walio mnarani."

Mpwa akauchomoa upanga. Jini akamnyang'anya kama mzazi anavyomnyang'anya mtoto kisu, kisha akausujudia uwanja mzima, na milango ya mnara ikafunguka.

Klotilda akateremka, nywele nyeupe.

"Umechelewa, Anselmi."

"Nimechelewa."

"Livue joho hilo. Litatoa mifuko mizuri ya unga."

Maghala yakafunguliwa, watu wakashiba, na wawili hao wakaoana, jini mwenyewe akiwapulizia tanuri la mikate ya harusi. Mfungisha ndoa alipomtaka bwana harusi ainue kidole cha shahada, mkono wa Anselmi ulikataa kunyanyuka, akaangua kilio mbele ya wageni. Klotilda hakumbembeleza. Aliushika mkono ule, akaunyanyua pamoja na wake.

Nanyi mliokaa kunisikiliza, jueni kwamba Barkashi angali akiuliza kila asubuhi, na watu wa Luteti humjibu kwa makelele na ugomvi mpaka jua liwake. Siku watakayochoka kujibu, yupo mtu aliyesimama karibu na mnadi, akikisubiri kidole.