Jini Aliyefundishwa Kutwanga Vigae

Katika mji wa Zumaridi alitawala Sultani Dhahiri bin Mutlaki, mtu mwadilifu na mpenda watu, na mji ule ulikuwa na kuta nyeupe na bustani za komamanga, lakini haukuwa na mto wala kisima kitamu, ila birika kuu lililojengwa chini ya ardhi na wazee wa kale, na humo maji ya mvua yaliingia na raia wakanywa mwaka mzima. Basi kwa kudura ya Mola likaja tetemeko, na birika likapasuka na maji yakapotea. Waashi wakaliziba kwa chokaa, na chokaa ikalika. Wakaliziba tena, ikalika tena, kwa kuwa ujuzi wa wazee ulikwenda nao kaburini.

Na palikuwa na binti wa marehemu kadhi, jina lake Mwanajauhari, aliyesoma vitabu vyote vya babake, na alipovimaliza akaanza kusoma vigae na vipande vya kuta kuukuu. Mashoga zake wakamwambia, "Mwari gani wewe, wenzio mikononi wana hina, wewe una vumbi!" Naye akacheka pamoja nao, kisha akaendelea kuchimba. Siku moja magofuni akachimbua mtungi uliozibwa, akauzibua, na ukatoka moshi, na moshi ukageuka jini mwenye tumbo kubwa na pembe zilizopinda.

"Labeka, bibi yangu!" akanguruma. "Mimi ni Kharkhashi, mtumwa wa anifunguaye. Taka utakalo."

"Nataka birika lisilovuja."

Jini akapuliza, na mara lile birika bovu likageuka la marumaru, limejaa maji pomoni. Sultani akaja na mawaziri na matarumbeta, na Waziri Mkuu akasimama ukingoni akitoa hotuba ndefu, mara jini akapiga chafya, na marumaru na maji vikatoweka, na Waziri akatumbukia topeni na hotuba yake. Watu wakacheka, ila Sultani hakucheka.

Akasema, "Ewe binti wa kadhi, umefanya mzaha na kiu ya waja wa Mungu. Masika yamekaribia. Mvua zikinyesha na birika halina ukuta mzima, itatubidi tuuhame mji wa babu zetu, na wewe ndiwe utakayetangulia kutoka langoni."

Mwanajauhari akaenda nyumbani akalia hata macho yakavimba, kisha akanawa uso, akamwita jini.

"Ulikuwapo wazee walipolijenga?"

"Nilikuwapo, bibi, lakini mtungini. Sikuona kitu. Nilisikia tu wanawake wakiimba na michi ikitwanga, kutwa nzima, hata kichwa kikaniuma."

"Walitwanga nafaka?"

"La! Nafaka haina mlio mkali vile."

Binti akachukua kipande cha ukuta wa kale wa birika, akakikwangua, akaona chembe nyekundu. Maulamaa wa mji walikuwa wakisema kwamba ni rangi ya pambo. Naye aliwahi kusema vivyo hivyo. Sasa akataka kujua kwa mikono. Akachoma mawe ya matumbawe, akapata chokaa, akaichanganya na udongo mwekundu, akafinyanga bakuli na kulitia maji. Likavuja. Akatwanga mawe mekundu, bakuli likapasuka. Na jini akalalamika, "Bibi, niamuru nikuletee kasri! Mchi huu umenitoa malengelenge!"

"Twanga, Kharkhashi. Kasri lako tumeshaliona."

Ndipo akapita mwana wa Sultani, Ghaithi, aliyetumwa na babake kutazama kazi, akamkuta binti amejaa chokaa hadi nyusi.

"Je, nami naweza kusaidia?"

"Ukiweza kushika mchi, bwana wangu."

Akaushika, naye hakuujua, akaugonga mtungi wa maji uliokuwa kando, ukavunjika. Akaona haya, akainama kuokota vigae. Mwanajauhari akakiona kigae kimoja palipovunjika, chekundu, chenye chembe zile zile, akapiga ukelele, "Vyungu! Walitwanga vyungu vibovu!" Wakavitwanga vile vigae, wakachanganya na chokaa, na bakuli la safari hii likakauka, likatiwa maji, na asubuhi chini yake palikuwa pakavu kama mkeka.

Basi mpiga mbiu akapita, na kila nyumba ikatoa vyungu vyake vilivyovunjika, na wanawake wa Zumaridi wakatwanga wakiimba, na wanaume wakakandika, na Waziri Mkuu mwenyewe akabeba karai kichwani, na jini akawa mwanzishaji wa nyimbo, kwa kuwa alizihifadhi zote. Mvua ikanyesha, birika likajaa, na ukuta haukutoa hata tone. Sultani akateka kwa mkono wake, akanywa, akamwambia Mwanajauhari, "Alhamdulillahi! Mwanangu, omba upendalo."

"Naomba uhuru wa Kharkhashi," akasema, na pale pale jini akawa huru.

Kisha Ghaithi akamposa binti, naye akajibu, "Nimeridhia, lakini mahari yangu ni nyumba kubwa, wana wa mji waje wachome chokaa, watwange, waharibu na warudie, hata mikono yao ijue." Akapewa, pamoja na mali na heshima, na arusi ikachezwa hata makomamanga yakadondoka. Na nyumba ile ikawa haina ukimya tangu siku hiyo. Nawe uliyesikiliza, ujuzi wa waliotangulia ukiutaka, usikae kuutazama tu. Kunja mikono ya kanzu, uufanye.