Makochi ya Wifi

Wahenga waliposema kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame, hawakuwa na shida na vitanda. Walimaanisha kwamba kuna vitu ambavyo mtu havipati akiwa ameinua shingo kama twiga. Sharti goti liguse sakafu, na vumbi libaki gotini watu waone. Fundi Pindo aliijua methali hiyo tangu darasa la nne. Lakini kuijua ni jambo moja, na kuinama ni jambo jingine.

Jina la Pindo alipewa na wateja, kwa kuwa hakuna upindo wa sketi wala suruali uliowahi kutoka mikononi mwake ukiwa umekwenda upande. Cherehani yake ilikaa barazani, chini ya bati lililotoboka mahali pawili. Mumewe alikuwa dereva wa lori mpaka siku alipoanguka kutoka juu ya shehena na kuumia mgongo. Sasa ulikuwa mwaka wa tatu, na kazi yake ilikuwa kutia vifungo akiwa ameegemea mto na kuwatania wateja. Binti yao wa pekee alikuwa amefaulu na kupata nafasi katika chuo cha uuguzi. Ada ya mwaka mmoja ilizidi chochote ambacho cherehani ile ingezaa kwa miaka miwili.

Tumaini lilikuwa ruzuku ya serikali. Kila mwombaji alitembelewa nyumbani na afisa, na hali aliyoikuta ndiyo iliyoamua kama serikali ingelipa ada yote, sehemu yake, au isilipe kitu.

Nyumba mbili mbele yao aliishi wifi yake Fundi, mdogo wa mumewe, mjane aliyefua mashuka hospitalini. Mwanawe wa kiume alikuwa amefaulu mwaka uleule na kupata nafasi katika chuo hichohicho. Tangu siku ya harusi yake, Fundi Pindo alikuwa na kijidonda moyoni kuhusu wifi huyu. Wifi akinunua ndoo mpya, Fundi aliiona yake imepasuka. Wifi akicheka, Fundi alijiuliza anachekwa nani. Na wifi alipopata makochi matatu, Fundi hakulala vizuri juma zima, ingawa yalikuwa viti vilivyotupwa na hospitali, na ingawa ni yeye mwenyewe aliyevishonea foronya za kijani.

Habari ilipokuja kwamba afisa angefika mtaani Alhamisi, Fundi alikwenda kwa wifi yake akiwa na neno moja.

"Niazime makochi."

Wifi aliacha kukamua nguo. "Wifi, mtu anakuja kutazama shida, wewe unamwandalia harusi?"

"Nyumba yangu haitasemwa. Yako imezoea."

Wifi alimeza tusi lile kama anayemeza dawa chungu. "Haya. Mwite mwanangu akubebee."

Alhamisi asubuhi nyumba ya Fundi iling'aa kama sahani iliyosuguliwa kwa majivu. Suti za wateja alizipanga kwenye kamba sebuleni mithili ya kabati la tajiri. Sufuria zilizotoboka, chupa za dawa na bahasha ya ripoti za daktari alivisukumia mvunguni mwa kitanda, ndani kabisa. Kisha akamvisha mumewe koti la suti la mteja mmoja aliyekuwa akioa Jumamosi.

"Nikikaa nitalikunja," mumewe alisema.

"Basi simama."

"Na mgongo, mama watoto?"

"Mgongo uvumilie nusu saa."

Afisa alikuwa dada kijana mwenye faili kubwa kuliko kifua chake. Alikaa kwenye kochi la kijani, akatazama suti moja moja, akauliza, "Mzee anafanya kazi gani?"

Kabla mumewe hajafungua kinywa, Fundi alijibu, "Yuko kwenye usafirishaji."

Afisa aliandika. Binti alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai. Alimtazama mama yake, akainamisha macho. Mchana afisa alikwenda kwa wifi, naye wifi, ambaye hakuwa na pa kumkalisha, alimgeuzia ndoo ya sabuni.

Majibu yalikuja kwa simu baada ya mwezi. Mtoto wa wifi alipewa ada yote, pamoja na chakula na vitabu. Kilichobaki kwao kilikuwa nauli na blanketi. Ujumbe wa binti wa Fundi ulikuwa mfupi: familia inajiweza. Hayo yalikuwa maneno ambayo Fundi Pindo alitamani watu wayaseme tangu aolewe, na siku aliyoyapata yalimchoma kama pasi ya makaa.

Binti hakulia. Aliikunja barua ya chuo mara nne, akaiweka chini ya kopo la vifungo, akauliza, "Mama, leo tunaanza na sare za nani?" Swali hilo lilimuumiza mama yake kuliko kilio. Lakini uchungu, kama maji, hutafuta mahali pa kutuama, na wake ulituama nyumba mbili mbele.

"Amepitia mlango wa nyuma," alimwambia mumewe. "Mfua mashuka anajuana na wakubwa wangapi? Mtu mwenye makochi apewe, mimi ninyimwe?"

"Makochi yalikuwa hapa, mama watoto."

"Siku moja tu."

"Siku yenyewe."

Fundi alirudi kwenye cherehani yake. Kila furaha ya wifi sasa ilimfikia kama moshi: kijana akitoka kununua blanketi, majirani wakipita kupongeza, wifi akiimba huku akianika. Alipoitwa naye akatoe pongezi, alisema ana kazi nyingi. Jumatatu wifi mwenyewe alikuja na suruali mbili mpya.

"Wifi, mpunguzie mtoto. Jumamosi anaondoka. Nimesema mkono wa mtu mwingine hautazigusa."

Maneno yalikuwa ya upendo, lakini sikio la mwenye wivu lina chujio lake; Fundi alisikia majivuno matupu. Alikaa kwenye cherehani na suruali moja mapajani, akawaza kwamba kitambaa hiki kitakanyaga sakafu za chuo ilhali binti yake atabaki kukanyaga pedali. Akakunja mguu mmoja hapa, wa pili pale, na kwa mara ya kwanza tangu ashike sindano, akashona upindo wa upande kwa makusudi. Binti aliona. Jioni ndiye aliyetumwa kuzirudisha kwa shangazi yake.

Alhamisi Fundi alijifunga kitambaa kichwani akaenda ofisi ya ruzuku. Foleni ilifika mlangoni. Zamu yake ilipofika, alimkuta dada yuleyule nyuma ya kidirisha, akakohoa kwanza.

"Nimekuja kusema ukweli juu ya mtu. Kuna mjane mmoja mmempa ada yote, na hali yake si hiyo. Ana makochi."

"Makochi ya namna gani, mama?"

"Matatu. Ya kijani. Yana vitambaa vyeupe vya kufuma mgongoni."

Afisa alifungua faili moja, akafungua na la pili. "Haya nimeyaandika, mama. Niliyakalia. Nyumbani kwako."

Watu kwenye foleni walitazama pembeni, wakijifanya hawasikilizi. Fundi alihisi masikio yake yakipata moto.

"Halafu yule mjane," afisa aliendelea polepole, "alinieleza mwenyewe kwamba ana viti vitatu vya hospitali, ila amemwazima mtu. Nikamuuliza ni nani. Akasema, ni mtu wangu, andika tu kwamba ninavyo."

Mbele ya Fundi Pindo palikuwa na njia mbili. Angeweza kuapa kwamba ya kwake ni mengine, akatoka na shingo yake ikiwa imesimama. Kisha arudi nyumbani amkute binti akipiga pedali. Aliinama mpaka uso wake ukawa sawa na kidirisha.

"Ni ya kwake," alisema. "Na suti zilikuwa za wateja. Na mume wangu hana usafirishaji wowote, mwanangu. Alianguka kwenye lori. Mwaka wa tatu huu hanyanyui hata jagi. Niliona haya."

Mtu nyuma yake aliguna. Afisa aliweka kalamu chini. "Rufaa zinafungwa kesho saa sita mchana. Nitapita asubuhi. Lakini maneno hayatoshi, nitataka ripoti za daktari. Ziko wapi?"

"Mvunguni," Fundi alisema.

Asubuhi ya Ijumaa hapakuwa na makochi wala suti. Mumewe alilala kitandani kwa fulana iliyochakaa, na wifi alikuja kumsaidia kumgeuza kwa kuwa usiku maumivu yalikuwa yamezidi. Mbele ya afisa na mbele ya wifi, Fundi alipiga magoti, kisha viwiko, kisha akalala kifudifudi kwenye sakafu. Alitoa sufuria iliyotoboka, akatoa chupa za dawa, na mwisho, akiwa na utando wa buibui nyusini, akaivuta bahasha.

Afisa alisoma, akaandika kwa muda mrefu, akaondoka. Fundi alibaki sakafuni.

"Wifi," alisema bila kuinua uso, "jana nilikwenda ofisini kukusema."

"Nilijua unaelekea mahali pabaya," wifi alijibu. "Ile suruali, mguu mmoja unabisha hodi, mwingine unaaga. Mkono wako haukosei, nikajua moyo ndio umekosea."

Mumewe alianza kucheka, mgongo ukamkataza, akacheka hivyohivyo. Fundi aliinuka bila kupangusa magoti. Alikwenda kuzichukua suruali, akafumua uzi wake mwenyewe, akashona upya mpaka miguu ikalingana kama mapacha. Alipomwona kijana akizijaribu, kijidonda chake kilimwasha tena kidogo. Alikiacha kiwashe, akamnyooshea kijana kola.

Jibu la rufaa lilikuja baada ya majuma matatu: serikali ingelipa robo tatu ya ada. Robo iliyobaki cherehani iliiweza, kwa jasho. Binti aliingia chuoni wenzake wakiwa wamekwisha kuanza masomo, amevaa sketi ya upindo ulionyooka, na begi lake lilibebwa na mtoto wa wifi kutoka getini.

Siku ile Fundi Pindo aliporudi peke yake barazani, bado magoti ya gauni lake yalikuwa na alama ya sakafu ambayo sabuni haikuitoa. Jirani alimshauri aweke kiraka. Alikataa, akasema alama ile ndiyo iliyompeleka mtoto chuoni, kwani mtaka cha mvunguni sharti ainame.