Bibi Lubaba na Siri ya Uwatu

Husimuliwa, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi, kwamba katika mji mmoja wa Tihama, nchi ya Yemen, waliishi dada wawili wa tumbo moja, wote wajane, wote wacha Mungu. Mkubwa aliitwa Rayhana, mdogo aliitwa Lubaba. Walikaa katika nyumba waliyoachiwa na mama yao, na kazi yao ilikuwa kuwatengenezea uwatu wanawake waliotoka kujifungua.

Uwatu wenyewe haukuwa kitu kigeni. Zile mbegu ndogo za manjano zimejulikana Misri, Sham na Yemen tangu zama za kale, wala hapakuwa na jiko lisilokuwa nazo. Mwenye kikohozi alichemshiwa akatiliwa asali. Mwenye jipu alibandikwa unga wake uliokandwa kwa maji ya moto. Lakini uchungu wake ni uchungu kweli, na mzazi dhaifu akipewa hivi hivi huutapika wote. Nyumba ya kina Lubaba ndiyo pekee mjini iliyojua kuutoa uchungu ule na kuupiga uwatu mpaka ukaumuka, mweupe na mwepesi kama povu la maziwa. Mzazi akitiliwa ndani ya mchuzi wa moto humaliza bakuli na kuomba jingine, na kwa idhini ya Mola maziwa yakashuka.

Elimu hiyo bibi yao aliipokea kwa mkunga mmoja aliyetoka Misri. Mama yao naye aliilinda kwa wivu, kwa kuwa siku za ujana wake mtu mmoja alijidai kuijua, akachanganya uwatu na unga wa mtama ulioharibika, na wanawake wakaumwa. Basi alipokaribia kufa aliwaapisha binti zake kwa jina la Mwenyezi Mungu wasimwonyeshe mtu. Ndiyo maana Rayhana aliupigia uwatu chumba cha ndani, mlango umefungwa, na wagonjwa waliunywea uani.

Watu waliwapenda, maana hawakuwa na maneno ya uongo. Mjamzito akija, Lubaba humrudisha kwa upole: "Subiri ujifungue kwanza, mwanangu. Huu si wako leo." Na mwenye homa kali humwambia wazi kwamba hapo wao hawana dawa, amwendee tabibu.

Asubuhi moja alibisha hodi mtu wa milimani, jina lake Mukbil, vumbi limempaka mpaka kwenye kope.

"Enyi mabibi," akasema, "mke wangu Warda amejifungua, na kifua chake ni kikavu. Mtoto analia mpaka sauti imemkauka."

"Mlete," akasema Rayhana.

"Hawezi hata kusimama, bibi. Atashukaje mlima ule? Nipeni mbegu, mnifundishe zinavyotengenezwa, nami nitamtengenezea kwa mikono yangu."

Rayhana akatikisa kichwa. "Mbegu utazipata sokoni. Kutengeneza hatumfundishi mtu. Tuna kiapo."

Wakampa bakuli la uwatu uliokwisha pigwa, wakalifunika kwa kitambaa kibichi. Mukbil akalipokea kwa mikono miwili, akawaombea dua, akaondoka mbio. Lakini Lubaba alilitazama jua lilivyokuwa likipanda, akajua moyoni kwamba uwatu ule utachacha kabla hajafika nusu ya njia. Yule maskini alikuwa amebeba bakuli la kitu kisichofaa, na wao walikuwa wamempa huku wakijua.

Siku ile, baada ya sala ya alasiri, akajitanda, akamwendea kadhi wa mji, mzee mpole aliyezoea kuketi msikitini na wenye shida.

"Kadhi," akasema, "mtu akiapa kuificha kheri, kisha akamwona mwenye kuihitaji, afanyeje?"

Kadhi akamtazama. "Aliapa kwa nia gani?"

"Nia njema. Kuwalinda watu wasidhurike."

"Na leo kiapo kinawalinda?"

Lubaba akasema, "Leo kinamlinda dada yangu na mimi."

"Basi tumefundishwa," akasema kadhi, "kwamba aliyeapa, kisha akaona lililo bora kuliko kiapo chake, na alitende lililo bora na atoe kafara ya kiapo. Lisha maskini kumi, binti yangu, uende kwa amani. Mwenyezi Mungu hakufanya jina Lake liwe kizuizi cha wema."

Lubaba alipomweleza dada yake, Rayhana alisimama wima. "Ukivuka kizingiti hiki na siri ya mama, usinihesabu kuwa nduguyo." Lubaba akambusu mkono, naye akauvuta. Kesho yake, baada ya kuwalisha maskini, akapakia gunia la mbegu juu ya punda, akaandamana na watu wa msafara waliokuwa wakielekea milimani.

Kijijini kwa Mukbil alimkuta Warda amelala ubavu, mtoto yu hai, anadondoshewa maziwa ya mbuzi kwa ncha ya kitambaa. Mukbil alipomwona alilia. "Kile mlichonipa kiliharibika, bibi," akasema, "nikaona haya kukuambieni."

"Haya ni yetu, si yako," akajibu Lubaba. Akawaita wanawake wa kijiji waje watazame. Akausaga uwatu mbele yao, akaulowesha, akayamwaga yale maji machungu, akatia mengine, akamwaga tena, hata alipoonja akatabasamu. Kisha akaupiga kwa mkono. Haukuumuka kama wa Rayhana, ulikuwa mzito, lakini uchungu umetoka. Warda akanywa, akapumzika, akanywa tena siku zilizofuata. Mola akajaalia, na siku moja mtoto akanyonya mpaka akalala na titi mdomoni. Mukbil akasujudu palepale penye mavumbi.

Aliporudi mjini, Lubaba aliukuta mlango wa dada yake umefungwa. Rayhana alikuwa amehamia upande wa pili wa ua, na kila akisalimiwa hujibu salamu tu, kwa kuwa salamu ni wajibu. Lubaba hakugombana. Akaendelea kumfagilia mlangoni, akimpikia akimwachia sahani kizingitini. Sahani ilirudi tupu, na neno halikurudi nayo. Wagonjwa nao wakapungua, maana habari ya utengenezaji ilikwisha enea vijijini, na wanawake wakaanza kujitengenezea wenyewe. Rayhana akawa anakaa chumba cha ndani na bakuli lake, hana wa kumpigia.

Yakapita majira ya mvua. Siku moja uani wakaingia wanawake wa milimani, Warda akiwa mbele na mtoto mgongoni, mnene, ana mikunjo ya shingo. Walikuja na mafurushi ya majani mabichi ya uwatu. Walikuwa wameupanda, wakagundua kwamba majani yake yakipikwa kama mboga huwapa nguvu wazee. Lubaba alifurahi, maana jambo hilo hakulijua.

"Ila tuna shida, bibi," akasema Warda. "Wetu uchungu unatoka, lakini hauumuki. Unakaa mzito kama ugali. Wazazi wengine hawaupendi. Tuonyeshe lilipo kosa."

Lubaba angeweza kusema neno lolote nao wangeliamini, kwani kwao alikuwa kama walii. Lakini alisema kwa sauti, bila kujua kama mlango wa pili unasikiliza: "Hapo mimi si mjuzi, wanangu. Hata kwangu hauumuki, mmeuona. Mwenye mkono ule ni dada yangu Rayhana. Yeye ndiye aliyenitangulia katika kazi hii, nami maisha yangu yote nimekula jasho lake. Kama atakubali, mtafundishwa na mwenyewe. Kama hatakubali, msimlaumu. Ana haki yake."

Warda akamshusha mtoto, akaenda kuketi mbele ya ule mlango uliofungwa. "Mama Rayhana," akasema, "huyu ndiye aliyekuwa akilia. Nimemleta umwone."

Komeo likalia. Rayhana akatoka, amezeeka kidogo kuliko alivyokuwa. Akamtazama mtoto kwa muda mrefu, akamshika kile kigimbi cha mguu, akakibonyeza. Machozi yakamtoka wala hakuyafuta. Kisha akaingia ndani, akarudi na bakuli lake, akaketi katikati ya ua, peupe, akakunja mkono wa nguo.

"Mbona mmekaa mbali?" akasema. "Sogeeni. Hapo hamtaona."

Na wasimulizi husema kwamba tangu siku ile ua ule ulijaa kuliko ulivyojaa zamani. Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, elimu ni amana, na amana haitunzwi kwa kufungiwa. Tena tusisahau kwamba Lubaba hakumrudisha dada yake kwa hoja. Alimrudisha kwa subira, na kwa kusema ukweli mmoja mdogo: *mimi sijui, yeye anajua.* Mola atujaalie ulimi wa namna hiyo. Amin.