Mfereji wa Kona ya Shamba

Mtu mmoja wa milimani, jina lake Senkondo, alikuwa na shamba la migomba michanga. Shamba hilo alimpa binti yake wa pekee, Nakijwa, angali ananyonya, na hawakuwa na jingine. Katika kona yake aliishi jamaa mmoja ambaye ukoo ulimlea awe mpeleka habari wao. Kazi ikamshinda. Hakupevuka, hakuondoka, akajenga kibanda palepale. Mimi mtu aliyeacha kazi yake akang'ang'ania mahali pake simwamini, nawaambia mapema.

Senkondo naye hakumwamini, ila alimshuku kivivu. Kila Ijumaa alikwenda na kamba, akapima kibanda. Akikuta hakijaongezeka, alirudi nyumbani, akala, akalala usingizi mzuri.

Mkewe, Namkunda, alitazama mengine. Nje ya kibanda aliona makapi ya miwa, akasikia harufu ya pombe. Kule kwao hakuna anayechimba mfereji peke yake. Unapika pombe ya miwa, wenye majembe wanaifuata, wanakunywa na kuchimba unapowaonyesha, na hawaulizi maji yanakwenda kwa nani. Machale yakamcheza.

"Baba Nakijwa," akasema, "mtu asiye na hata tuta moja anawapikia wachimbaji pombe ya nini?"

Senkondo akamcheka. Mfereji alikwisha kuuona, tena ulimpendeza, kwa kuwa ulitoa maji machafu shambani na yeye hakuugharimia chochote. Alidhani mfereji wa kutoa uchafu hautoi kitu kingine. Hakuufuata hata hatua kumi.

Namkunda akaufuata mwenyewe, mtoto mgongoni. Uliteremka mpaka mwisho wa shamba, kwenye ndiva, lile bwawa ambalo mashamba yote ya chini hupata maji yake. Kando ya bwawa akakuta vibanda viwili vipya, vya jamaa za yule wa kona, waliokuwa wamepita humo humo mferejini. Migomba ya Nakijwa iliyovizunguka ilikuwa imenyauka. Namkunda akamkaza mwanawe mgongoni, akapanda kuwaita watu. Siku hiyohiyo vibanda vyote vitatu vilibomolewa. Shamba la mtoto likapona nusu. Kama kuna wengine walioteremka zaidi, hakuna anayejua, na Senkondo hajawahi tena kulala usingizi wake ule.

Nasema nanyi mliokaa hapa wodini na watoto wenu. Uvimbe unaoota kwenye mishipa ya fahamu ya mtoto unaweza kutulia, ukapimwa leo na kesho ukaonekana ni uleule. Lakini wapo wataalamu wanaochungulia jambo jingine: kama uvimbe huo unatoa kemikali za kuiita mishipa ya limfu, ile inayochukua majimaji ya mwili, iote kuuelekea. Wanashuku kwamba humo ndimo unamotafuta njia ya kutokea. Hiyo ni dalili, si hukumu. Wapo wanaopika pombe wakainywa wenyewe, kwa hiyo hata dalili msiiamini upesi. Ila daktari atakapowaambia kwamba uvimbe haujakua, mtashukuru mkaenda zenu, au mtamuuliza uvimbe huo unawaita akina nani?